Utepe Chini ya Nyota Tatu

Mtu akikuletea koti la zamani akakwambia, "Fundi, nishonee kama hili," usikimbilie chaki. Muulize kwanza. Koti hili ulilivaa ukiwa nani? Na hilo jipya utalivaa ukiwa nani? Mimi sikuuliza, na aibu yake nimeibeba mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Nawaandikia nyinyi vijana wa cherehani za umeme, mnaopita hapa kwangu Majengo mkinisalimia "Niaje buda" huku macho yako kwenye simu. Sina ugomvi na cherehani zenu. Zinakimbia, hewaa! Ila nimeziona hizo kola mnazobandika kwa pasi, zikifuliwa mara mbili tu zinavimba kama mandazi, na mteja akirudi mnamwambia ni sabuni. Sabuni imewakosea nini?

Mimi nilishona sare. Miaka ya sabini na sehemu ya themanini nilikuwa Eastleigh, katika duka la Bwana Kanji, mafundi watano tukikanyaga cherehani za miguu, na pasi mbili za makaa ambazo kila mmoja alizigombania. Tulishona sare za shule, makoti ya makarani wa baraza la jiji, kaptura za walinzi. Wachinjaji wa mbuzi wa Kiamaiko walitaka koti jeupe lenye vifungo mgongoni. Hilo hakunifundisha bosi. Mchinjaji mmoja alinirudishia koti nililomshonea vifungo mbele, akalitupa mezani akaniuliza, "Wewe, ushawahi kufungua kifungo na mkono umejaa mafuta ya mbuzi?" Sikuwa nimewahi. Nikafumua.

Bwana Kanji alikuwa mtu mfupi, mkali, na pini hazikumtoka mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo matusi yake yote yalipita katikati ya meno. Lakini kazi aliijua. Ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa cha sufu kinyweshwe maji kwanza, kianikwe kivulini, ndipo kikatwe. Ukikata kikavu, mvua ya kwanza itamfupishia mteja mikono. Ndiye aliyenichapa vidole kwa rula kwa kupitisha koti kwenye cherehani bila kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Na alikuwa na amri moja kubwa kwenye sare: fuata ulichoonyeshwa. Usiongeze, usipunguze. Mtu wa sare hapendi fundi mwenye mawazo.

Amri hiyo mimi niliipenda kupita wenzangu. Marehemu baba alikuwa koplo wa jeshi la mkoloni, alipigana Burma, na nyumbani kwetu tulijua vyeo kabla hatujajua kusoma. Kwa hiyo nilijiona bingwa. Mtu akileta kazi yenye nyota au mistari, Bwana Kanji alisema, "Pelekea Rashidi." Nami nilivimba kichwa.

Sasa nisikilizeni.

Alikuja mzee mmoja Kalasinga, mrefu, ndevu nyeupe zimefungwa vizuri, kilemba cha rangi ya bluu iliyokolea. Jina lake Kartar. Alikuwa akiishi mitaa miwili nyuma ya duka letu, kwa mwanawe Balbir aliyekuwa na gereji ya malori. Mzee hakuzaliwa Kenya. Alikuja baada ya kustaafu jeshi la India, na kwa miaka minne alikuwa amejifunza Kiswahili cha sokoni, kile cha kununulia vitunguu na kufukuzia mbwa. Kila asubuhi alitembea mpaka kona na kurudi, mgongo umenyooka, na watu wa mtaa walimwita Mzee Subedari.

Jina hilo halikuwa la utani. Kwenye jeshi lao, mtu anayeingia kama askari wa kawaida, akapanda ngazi moja moja kwa jasho lake, anaweza kufika mpaka Subedari Meja. Hapo ngazi yake inakwisha. Juu ya hapo ni maofisa, na ofisa huwa ametoka chuo. Lakini iko njia moja nyembamba. Mara mojamoja, serikali yao humtazama mzee wa namna hiyo, aliyetumika bila doa, ikampa cheo cha heshima cha Kapteni. Hapewi kikosi. Anapewa nyota tatu begani, na haki ya kukaa na maofisa. Kwa mtu aliyeanza kwa kupiga magoti matopeni, heshima iliyo juu ya hiyo hakuna.

Siku ile Mzee Kartar aliweka mezani vitu vitatu. Koti lake la zamani la sherehe, limekwanguka viwiko. Kiboksi cha nyota sita za shaba. Na barua, ambayo sikuweza kuisoma, lakini niliona muhuri.

"Mimi iko Kapteni," akasema.

Bwana Kanji akaisoma barua, akatoa pini mdomoni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoa pini kwa ajili ya mteja. Akampa mkono.

Mimi nikauliza kama Kapteni wa heshima ni sawa na Fildi Mashali, maana nilikuwa nimesikia redioni kwamba India nao wamempa jenerali wao mmoja cheo hicho. Sisi wa Nairobi mafildi mashali tuliowajua ni wa msituni, na yule jirani mmoja wa upande wa magharibi aliyejitunuku mwenyewe. Mzee akacheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Fildi Mashali hapana staafu," akasema. "Mpaka kufa iko kazini. Mimi? Mimi nastaafu kwanza, iko nyumbani nakula ugali, halafu cheo inakuja na posta!"

Lakini hakuwa anacheka moyoni. Balbir alinieleza habari yenyewe alipokuja kuuliza kitambaa kinunuliwe mita ngapi. Kila Januari, Siku ya Jamhuri ya India, wazee waliowahi kuwa jeshini walikutana kwa chakula cha mchana katika ukumbi wao mmoja upande wa Pangani, wamevaa sare zao. Meza zilikuwa mbili ndefu. Ya kulia ya maofisa, ya kushoto ya wale waliotoka chini. Mzee Kartar alikuwa amekaa kushoto miaka yote minne. Mwaka huu, kwa ile barua, angekaa kulia. Na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho, kwa sababu Balbir alikuwa amekwisha kuuza gereji. Mwezi wa pili familia yote ilikuwa inahamia Ulaya, kama Wahindi wengi wa Eastleigh walivyokuwa wakihama siku hizo.

"Hakuna aliyemvalisha hizo nyota," Balbir akaniambia. "Zimekuja kwenye kifurushi, kama vipuri vya lori. Baba anataka siku moja tu, fundi. Siku moja akae pale."

Basi kazi nikapewa mimi. Mzee alinielekeza mwenyewe. Kwenye mabega ya koti la zamani palikuwa na nembo ya simba, na chini yake, kwenye mshono wa bega, utepe mwembamba mwekundu, njano katikati, mwekundu tena. Akaweka kidole kwenye simba.

"Hii toa. Weka nyota tatu. Basi."

Nikafuata. Wallahi nilifuata. Niliinywesha sufu maji, nikaianika kivulini, nikapiga bandi mshono kwa mshono, nikashona bitana kwa mkono. Nilitoa simba, nikaweka nyota tatu kila bega, zimelingana kwa rula. Kuhusu ule utepe sikuambiwa kitu, kwa hiyo nao niliufuata. Niliutafuta mjini kote. Biashara Street hawakuwa nao, wale wa mabohari ya Eastleigh wakaniletea wa kufungia zawadi. Nikaona la kufanya ni kuufumua wa zamani. Niliufumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nikaufua kwa sabuni ya kipande, nikaunyoosha chini ya kitambaa chenye unyevu, nikaushona upya chini ya zile nyota. Ulitoka kama mpya. Nilijisifu mbele ya wenzangu mpaka mmoja akaniambia niubusu basi.

Mzee alikuja kujaribu wiki moja kabla ya sherehe. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Aliligusa bega la kulia kwa vidole viwili, akanitazama, akatazama bega tena. Mimi nilikuwa nimekunja mikono kifuani nikingoja sifa.

"Sawasawa, mzee?"

Akakawia kidogo. "Sawa," akasema. "Asante, fundi."

Hapo ndipo fundi mwenye akili angesimama akauliza, "Mzee, mbona umekawia?" Mimi nikaanza kulikunja koti.

Duka letu lilikuwa na desturi moja. Sherehe kubwa ikiwa na makoti yetu mengi, Bwana Kanji alikwenda na fundi mmoja, na huyo fundi akakaa nyuma ya ukumbi na sindano, uzi, wembe na pasi. Kifungo kikikatika, unakimbia. Mshono ukiachia kwapani baada ya pilau, unakimbia. Siku hiyo fundi alikuwa mimi. Nilipewa kiti karibu na mlango wa jikoni.

Wazee waliwasili saa sita, jua linawaka, wote wamevaa makoti marefu ya mvua. Nilishangaa kabla sijaelewa. Sare ya jeshi la nchi nyingine huwezi kutembea nayo barabarani hapa Nairobi. Askari watakuuliza unapindua serikali ya nani. Walizivua kabuti mlangoni, na ghafla ukumbi ukajaa vifungo na medali. Pale mlangoni alisimama karani mmoja mstaafu aliyefunga kitambaa mkononi, akimtazama kila mtu begani na kumwonyesha meza. Orodha hakuwa nayo. Bega ndilo lilikuwa orodha.

Kanali mmoja mstaafu alikuja kwangu kunyooshewa mkunjo wa koti. Nikaliweka mezani, nikapitisha pasi kwenye bega. Nembo na nyota. Utepe hakuna. Nikafikiri amesahau. Baada yake akaja Meja, kifungo kimelegea. Utepe hakuna. Nikanyanyua macho, nikaitazama meza ya kulia. Watu kumi na kitu, na hakuna bega lenye utepe hata moja. Nikaitazama ya kushoto. Kila bega lilikuwa nao.

Utepe ule haukuwa pambo. Ndio uliokuwa ukisema, huyu si ofisa. Mzee aliposema toa simba, alimaanisha toa cheo cha zamani, na kwa fundi yeyote wa jeshi huko kwao utepe unaondoka pamoja na simba bila kutajwa, kama unavyoambiwa kuchinja kuku usiambiwe umnyonyoe. Mimi nilikuwa nimeuosha, nikaunyoosha, nikaurudisha.

Ndipo Mzee Kartar akaingia na Balbir. Akavua kabuti. Karani akamtazama begani, nyota tatu, akakunja uso, akainama kidogo, akauona utepe. Sikusikia alichosema. Niliona mkono wake tu, ukionyesha kushoto. Balbir akataka kubisha, nikaona mzee anamshika kiwiko. Askari habishani juu ya bega lake mlangoni. Alikwenda kushoto, akakaa kwenye kiti kilekile cha miaka minne, mgongo umenyooka.

Nikamfuata Bwana Kanji. "Bosi, kosa ni letu. Ule utepe—"

"Nimeona," akasema kwa meno. "Nyamaza. Ukisema moja ni kosa, watu wote hapa wataanza kuangalia mabega yao."

Vijana wangu, msifikiri ni jambo dogo. Mimi nilikuwa kijana wa Majengo, mweusi peke yangu mle ndani ukiondoa waliokuwa wakiosha sahani. Bosi amesema ninyamaze. Na chakula kilikuwa kimeanza kupakuliwa. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa. Nakubali, nilikaa. Nilikaa mpaka sahani za kwanza zikaondolewa, na muda wote huo mzee hakugusa chakula. Alikuwa akiitazama meza ya kulia kama mtu anayetazama nyumba aliyoilipia kodi akanyimwa ufunguo.

Nikachukua wembe, nikavuka ukumbi. Bwana Kanji aliniita jina mara mbili. Alininunia wiki mbili baada ya hapo, akawa ananipa vishwara tu, yale matundu ya vifungo, asubuhi mpaka jioni, tundu baada ya tundu. Nilistahili.

Nilichuchumaa kando ya kiti cha mzee. Wazee wa meza ile wakanigeukia.

"Mzee, nisamehe. Kosa ni langu. Huu utepe haukutakiwa kuwa hapa."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya yote.

"Mimi iliona," akasema. "Pale duka, kwa kioo, mimi iliona."

"Mbona hukuniambia?"

Akatafuta maneno. "Mimi ilifikiri, hii Kapteni ya heshima tu. Cheo ya posta. Labda sheria ndiyo hii, nyota weka, utepe baki. Mimi hapana jua." Akanitazama. "Wewe ndiyo fundi."

Mtu amepigana vita viwili, anajua bega lake kuliko anavyojua kiganja chake, lakini akayakataa macho yake mwenyewe kwa sababu mimi nilikunja mikono kifuani nikasema sawasawa. Siku saba nzima alikuwa ameishi akiamini kwamba serikali yake imempa nusu ya heshima, na ameikubali. Ni mimi niliyempunguzia.

"Naomba nifumue," nikasema. "Hapahapa."

"Fumua."

Alikataa kulivua koti. Alikaa wima, mikono magotini, nami nikafumua bega la kushoto kisha la kulia, nikiuingiza ukingo wa wembe chini ya kila uzi, ukumbi mzima ukitazama. Ukitaka kujua mkono wako una thamani gani, fumua utepe begani mwa mtu mbele ya watu themanini. Kitambaa sikukikata. Vilibaki vitobo vidogo vya sindano. Nikalowesha kidole mate, nikavisugua kwa ukucha mpaka sufu ikajifunga. Hiyo nayo ishikeni, itawafaa.

Nikasimama, nikasema kwa sauti, maana niliona nikinong'ona nitakuwa nimekosa mara ya pili: "Koti hili nimelishona mimi, na nililikosea. Huyu ni Kapteni."

Wazee wa meza ya kushoto ndio walioanza. Mmoja alisukuma kiti chake nyuma akasimama, kisha jirani yake, kisha wote, wale masubedari wazee, wengine wakishikilia meza kwa sababu ya magoti. Walikuwa wakimsindikiza mwenzao aliyetoka chini pamoja nao. Mzee Kartar akainuka, akatembea mpaka ile meza ya kulia, hatua kama kumi na tano hivi. Kule viti vilikuwa vimejaa. Yule Kanali akasimama, akatazama huku na huku. Nikakimbia mlango wa jikoni, nikakibeba kiti changu juu ya kichwa, nikakipenyeza kati yake na yule Meja.

"Kaa, Kapteni Sahib," Kanali akasema.

Akakaa. Wakampakulia upya. Sasa alikula, tena alikula vizuri, na mimi nikamaliza sherehe nimesimama ukutani.

Shughuli ilipokwisha wazee walipanga mstari mlangoni kuvaa kabuti zao. Mzee Kartar alinifikia, akasimama, akamgeukia mwanawe. Alisema kwa Kiswahili, ingawa walikuwa na lugha yao, ili nisikie mimi na asikie Bwana Kanji aliyekuwa ubavuni mwangu.

"Balbir, suruali ya safari, hii fundi ashone."

"Baba, London ziko suruali."

"Hii fundi," akasema mzee.

Nikatoa futi mfukoni palepale, nikapiga magoti mbele ya Kapteni nikampima kiuno, nyonga na mguu, watu wakipita kando yetu. Vipimo vyote vilinipotea kabla sijafika dukani, kwa sababu njia nzima nilikuwa nalia. Ikabidi kesho yake niende nyumbani kwake kumpima upya.